Dirisha la Tatu Juu

Kila nikifungua kopo la biskuti tunalowekea iliki, harufu inanipiga ngumi ya pua, na lile jumba lililochorwa kwenye kifuniko linanirudisha utotoni, mtaa wa Parkdale, Kanada, sebuleni kwetu.

Babu alikuwa akikaa wiki moja kwetu, wiki moja kwa shangazi, huko Thornhill. Akija, ananipakata na kunisimulia jumba hilo la Uingereza, alikokuwa mtunza bustani kabla ya kuja Kanada. Lilikuwa na mabomba ya moshi elfu moja! Bwana mwenye jumba alikihamisha kijiji kizima nyuma ya kilima, eti nyumba za watu zinamharibia mandhari.

"Na dirisha hili la tatu juu," Babu alininong'oneza, "ni chumba chako. Nimekuwekea wewe tu, mwenzangu. Usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu, ingawa siri ilinivimbisha kama andazi.

Jumapili moja tulikwenda kumchukua Babu. Mezani kwa shangazi palikuwa na kopo kama letu. Binamu yangu akaweka kidole kwenye dirisha la tatu.

"Hapa kwangu," akasema. "Babu kanipa mimi peke yangu."

Babu akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza. "Jumba kubwa hilo, wajukuu zangu. Mtaenea wote!"

Kwenye gari nilikaa naye nyuma.

"Babu, wale wa kijijini, kabla hawajahamishwa, nao uliwaahidi dirisha?"

Babu akafumba macho, akaanza kukoroma, yeye ambaye ndani ya gari hajawahi hata kusinzia.