Kanuni ya Lango la Mwisho

Siku yangu ya kwanza kwenye pampu za shamba la mpunga, karibu na Garsen, Msimamizi wa Mitambo hakunionyesha mashine. Alinipeleka mtoni. "Komora, tazama maji mpaka uyachoke," akasema. "Pampu ikinyonya tope, nitakuuliza wewe." Nilikosa raha mwezi mzima.

Baada ya miaka mingi ya kufungua malango kwa mkono, ikaja kompyuta. Kila pampu na kila lango la mfereji lilipata kidhibiti chake kidogo, na juu ya vyote ikakaa kompyuta moja ya kuviamrisha. Mhandisi aliyeileta alitumia mantiki ya fazi: mashine haijui "yamejaa" na "hayakujaa" tu, inaelewa pia "yamejaa kiasi". Akaniketisha nimweleze ninavyofanya kazi, akageuza maneno yangu kuwa kanuni. Tope likiwa zito kidogo na mto unashuka, punguza pampu taratibu.

Nilimwambia yote isipokuwa moja. Kila kiangazi nilikuwa nikiacha lango la mwisho wazi kidogo, ng'ombe wa wafugaji Waorma wanywe nje ya shamba. Hakuna mkubwa aliyeniruhusu. Niliogopa kufukuzwa, nikanyamaza.

Kiangazi kilipofika, kompyuta ikalifunga lango hilo kabisa. Siku ya tatu, asubuhi, Mzee Hiribae, mfugaji niliyejuana naye tangu zamani, akasimama mlangoni pa ofisi.

"Komora, maji hapana iko. Ng'ombe naona mpunga, mimi nashindwa kuzuia."

Nje, wakulima wenzangu wa kijiji cha Kulesa walikwisha kushika mapanga kulinda mpunga. Nikamkimbilia Meneja wa shamba, nikamwambia ukweli.

"Miaka yote hiyo?" akauliza, kisha akampigia simu mhandisi. Kabla ya adhuhuri kanuni mpya iliingia, lango likafunguka kidogo. Mimi nikapewa barua ya onyo. Bado ninayo.

Nimestaafu, lakini wasiwasi haukustaafu. Juzi Mwanaisha, fundi aliyeshika nafasi yangu, alinipigia simu.

"Shikamoo Mzee. Hii kanuni ya lango la mwisho inamwaga maji bure. Niifute?"

"Usiiguse, mwanangu! Nakuja."

Nilipanda bodaboda na kandambili zangu za nyumbani. Mwanaisha alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza nani mwingine hapo kazini anayeijua sababu. Mhandisi amefariki. Meneja pia.

"Ni mimi tu," nikasema.

Akavuta daftari. "Basi sema polepole, Mzee."

Nikaanza na siku ile ya mtoni.