Pasipoti ya Mama Anna

Nakumbuka asubuhi moja hapa hapa Guangzhou, mwanangu, ambayo nikiiwaza nainamisha uso hata nikiwa peke yangu. Nimesikia umechaguliwa kuwa mkalimani wa kujitolea kituo cha polisi, na mama yako anakusifu duka kwa duka. Nami nilisifiwa hivyo hivyo. Keti kwanza nikusimulie aibu yangu.

Miaka hiyo kituo kimoja, jina lake nitaliacha, kilikuwa kimebaki na askari wachache na miezi kadhaa hakikuwa na mkuu. Watu wetu hawakukiamini. Mtu akiibiwa alinyamaza, akiona sare alijifanya anachagua viatu. Kisha akaletwa mkuu mpya, mama wa makamo, mfupi, asiyechoka kutembea. Sisi wafanyabiashara kila mtu tunamwita laoban, yaani bosi, hata muuza maji. Naye tukamwita Laoban Mama. Alipita madukani bila kumuuliza mtu karatasi za ukaazi, akasema anatafuta wageni wanaojua Kichina wamsaidie, maana askari wake hawatoshi na hawaelewani na watu. Kichina changu nilikiokota kwenye vibanda vya vitambaa kule Kangle, lakini kilitosha. Nikapewa kizibao chekundu cha wanaojitolea. Nilikuwa nakivaa hadi masoko nisiyokuwa na shughuli nayo, ili nionekane tu.

Wiki chache baadaye akaja kituoni Mama Anna, muuza nguo kutoka Mwanza. Mama yake mzazi alikuwa amefariki nyumbani, na pasipoti yake ilikuwa imeshikiliwa na mwenyeji wake, Mzee Gasto, mpaka akubali kupakia mzigo kwenye kontena lake.

"Kijana wangu, waambie Gasto ndiye anayo," akaniambia. "Waende wakaichukue sasa hivi. Ndugu zangu wananisubiri tuzike, mpaka Jumamosi tu."

Sasa huyo Gasto ndiye aliyenipokea nilipofika mji huu, nikalala sebuleni kwake kwa miezi. Na sisi tumezoea kwamba Mtanzania hamshtaki Mtanzania mbele ya Wachina. Nikamgeukia Laoban Mama, nikamwambia kwa Kichina: mama huyu amepoteza pasipoti. Nilijiambia kwamba jioni nitakwenda kwa Gasto mwenyewe, mambo yaishe kiungwana.

Nilikwenda. Akaniambia, "Kesho, kijana, kesho." Kesho yake akasema vile vile. Mama Anna akawa anashinda kwenye benchi la kituo, akiamini polisi wanamfuata Gasto, kumbe wanamwandalia karatasi za pasipoti iliyopotea. Mimi nilimletea chai. Naona haya kwa ile chai kuliko kwa uongo wenyewe.

Jumamosi ndugu zake wakazika bila yeye. Jumatatu mama mmoja wa Mombasa, anayesoma Kichina vizuri, akaichukua ile karatasi amsomee.

"Dada, wallahi hapa wameandika umeipoteza mwenyewe."

Mama Anna akanitazama, kisha akaenda na yule mama kwa Laoban Mama. Laoban Mama alipoelezwa, alituma askari wawili, na pasipoti ikarudi chini ya saa moja. Saa moja, mwanangu!

Haikupita siku mbili, Xiaobei nzima, mtaa wetu Waafrika, ikawa inasema polisi wamekula njama na Gasto. Benchi la kituo likabaki tupu. Laoban Mama aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Nina askari wachache na sijui lugha yenu," alisema. "Watu walikuja kwangu kwa sababu yako. Wewe ukaamua peke yako mimi nisikie nini."

Nilitamani anitukane, hakunitukana. Alinipeleka mbele ya wafanyabiashara, na yule mama wa Mombasa akimtafsiria, akaomba radhi yeye kwanza kwa kumwachia mtu mmoja maneno ya watu wote. Kisha mimi nikasema yangu. Tangu hapo kila maelezo yalipitia kwa wakalimani wawili, na mwenye maelezo alisomewa kwa lugha yake kabla ya kutia sahihi. Ulipita zaidi ya mwaka kabla watu hawajaanza kurudi, mmoja mmoja.

Mama Anna nilimwomba msamaha, akanisamehe. Miaka baadaye aliibiwa simu, akaja kituoni. Akaniona nimekaa pale sina kazi. Akanisalimu vizuri, kisha akakaa kumsubiri mkalimani mwenzangu.

Basi, mwanangu, sema kile alichosema mtu, hata kikimchoma mjomba wako. Ukiona anayetajwa ni wa karibu yako, sema huwezi, aitwe mwingine. Hapo hakuna fedheha. Na ukikosea, kiri siku hiyo hiyo, usingoje mtu azikiwe mama yake. Mungu akulinde, akupe ulimi mnyofu na moyo usioogopa wakubwa. Na kila utakayemsemea, siku akirudi, akuulizie wewe.