Mnunuzi Aliyejua Safari Zetu

Simu ile mume wangu alipewa na mnunuzi wa dhahabu, wakati kijiji chetu cha Nyarero kimejaa wageni na mashamba yanageuka mashimo. Sisi pia tuliacha mihogo, tukafungua duara, shimo letu la kuchimba dhahabu, nyuma ya zizi. Mnunuzi hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini. Alisema simu ina programu ya kuonyesha bei ya dhahabu kila asubuhi.

"Ni zawadi, mura," alisema, akiigiza tunavyoitana sisi Wakurya. "Usiizime tu, bei zisije zikakupita."

Mwanzoni nilimwona mtu mwema. Mtoto wetu alipolazwa, alitupigia kutupa pole kabla hata mama mkwe hajapata habari. Siku mvua ilipotukwamisha njiani, pikipiki ikatokea, dereva akasema ametumwa na yeye aje kutuchukua. Mume wangu alishukuru sana. Mimi nikamuuliza, "Nani kamwambia tuko hapa?"

"Mtu kama yule ana watu kila mahali," akanijibu.

Kisha tukapata jiwe zuri. Jikoni kwetu, kwa Kikurya, tukakubaliana dhahabu yake tukaiuze Mugumu, kwa mnunuzi mwingine aliyesifiwa kwa mizani ya haki. Hatukumwambia mtu. Simu ilikuwa juu ya gunia la mahindi.

Asubuhi yake tuliposhuka Kenyamonta kubadili gari, tulimkuta yule aliyetupa simu. Ameegemea gari lake, anatafuna hindi la kuchoma.

"Karibu, shemeji," aliniambia. "Mugumu ni mbali, na mizani ya kule si nzuri. Pandeni."

Dhahabu nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la kitenge. Hakunitazama usoni. Alitazama lile fundo.

Tulipanda. Aliinunua humo humo garini kwa bei aliyoitaka yeye, na hakuna aliyepandisha sauti.

Siku iliyofuata tukaipeleka ile simu kwa fundi, huko Nyamisangura. Aliipekua huku akipiga mluzi, mara mluzi ukakatika. Akainuka, akaipeleka kwa jirani yake fundi cherehani, akaiacha katikati ya kelele za mashine, akarudi kwetu mikono mitupu.

"Kuna programu imefichwa humo," alisema. "Haina hata alama kwenye kioo. Inatuma mahali mlipo. Na inasikiliza."

"Lakini sisi tunaongea Kikurya," nilisema. "Yeye hakijui."

Fundi alitupa jicho upande wa cherehani. "Basi yupo anayemtafsiria."

Kumbe mtu wa kwetu alikuwa amekaa mahali akisikiliza tunavyogombana, tunavyosali, ninavyombembeleza mtoto, kisha anayageuza Kiswahili, neno kwa neno.

"Itoe," mume wangu alisema.

"Nikiitoa atajua mmeshajua. Amueni wenyewe."

Tuliamua kuirudisha. Duara tulilifukia kwanza, kwa hiyo hatukuwa na haja ya kudanganya. Mume wangu alimwambia tumerudi kwenye kilimo, akamshukuru, akamkabidhi simu. Mnunuzi hakuuliza sababu. Aliifuta kioo kwa leso, taratibu, akaitia mfukoni.

"Sawa, mura. Kilimo nacho ni kazi." Kisha akanigeukia. "Na wewe, shemeji, usibebe vitu vizito. Miezi hii ya mwanzo ni ya kuangalia."

Ile mimba nilikuwa nimemwambia mume wangu peke yake, kitandani, kwa kunong'ona. Tulirudi nyumbani, na tulipofika mume wangu alisimama mlangoni kwa muda, kana kwamba nyumba ina mwenyewe mwingine.

Mtoto alizaliwa salama. Kufikia hapo dhahabu ilikuwa imepungua, wageni wameanza kuondoka, na mnunuzi aliondoka nao. Majirani walikuja na uji, wakambeba mtoto kwa zamu, wakamsifia macho. Niliwakaribisha wote, nikawauliza habari za nyumbani. Ila kila mmoja alipofungua kinywa kunipongeza kwa Kikurya, nilimsikiliza kwa makini kuliko ilivyohitajika, na mpaka leo nawasikiliza hivyo.