Mnazi wa Kaka

Kaka yangu alipozaliwa, baba alipanda mnazi kwenye kona ya uani kwetu, Munje, na kitovu chake kikazikwa hapo hapo. Mnazi ulirefuka kama yeye mwenyewe. Mkwezi alipokuja kuangua nazi, mama alimwambia kila mara, "Anza na ule wa mtoto wangu."

Kaka alichukuliwa na shule moja ya bara kwa sababu ya kimo chake, akafundishwa mpira wa kikapu. Baadaye akachukuliwa na timu ya ng'ambo, nchi ya baridi, ikawa ndiyo kazi yake. Mimi niliishia darasa la nane, nikapata kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya Diani. Ijumaa jioni hurudi nyumbani kwa mama.

Kitambulisho chake alimwachia mama, maana safarini alitumia pasipoti. Mama alikiweka kashani, chini ya leso zake mpya. Kila Idi alikitoa, akaipangusa ile picha, akamwombea dua, akakirudisha.

Mwaka juzi kaka alinipigia simu nikiwa kazini. Nchi ile ilimtaka katika timu yake ya taifa, lakini sheria yao hairuhusu mtu kuwa raia wa nchi mbili. Ilimbidi aukane uraia wa Kenya, na maafisa walitaka kitambulisho chenyewe. Nilimwuliza kama mama anajua. Akasema mama hataelewa, nikichukue tu, nimpe rafiki yake anayesafiri.

"Umri unakwenda, dada. Magoti yananiuma. Nikiikosa hii, nimekwisha."

Jumamosi nilishinda na mama tukikuna nazi. Sikumwambia. Tangu utotoni kusema jambo zito kunanishinda. Alasiri alikwenda kutoa pole kwa jirani aliyefiwa. Nikafungua kasha.

Miezi michache baadaye tulimwona kaka kwenye simu yangu. Alikuwa amesimama mstarini na wenzake, jezi ya rangi tusizozizoea, mkono kifuani, midomo ikitembea. Mama alisogeza uso karibu na kioo.

"Anaimba nini?"

"Wimbo wao wa taifa."

Akataka kujua kama anaujua wote. Nikasema naona anaujua. Kaka alicheza kidogo tu, kisha akakaa benchi na barafu gotini mpaka mchezo ukaisha. Walifungwa.

Idi ilipofika, mama aliingia chumbani kufungua kasha. Mimi nilikuwa ukumbini nikichagua mchele. Nilisikia nguo zikitolewa mojamoja, kisha zikirudishwa. Alitoka akakaa mkekani karibu nami, leso ingali mkononi.

"Ulikipeleka lini?"

"Mwezi wa saba, mama."

Hakunigombeza. Aliutazama mnazi wa kaka kule uani.

"Ungeniambia, mwanangu. Ningekifunga kwenye kitambaa, nikakiombea dua."

Nilimwomba radhi. Akasema amenisamehe, akanituma maji ya kutawadha. Tangu siku hiyo hatujalizungumza jambo hilo tena, na kasha bado halifungwi kwa kufuli.

Goti la kaka halikupona. Timu ya taifa haikumwita tena, na ile iliyokuwa ikimlipa haikumwongezea mkataba. Hupiga simu akiuliza hali ya mama, akiuliza kama mvua imenyesha. Anasema anataka kuja, ila sasa itambidi aombe ruhusa ya kuingia kama wageni wanaolalia yale mashuka ninayofua. Mama humsikiliza, humwombea dua, kisha hunirudishia simu.

Mwezi uliopita mkwezi alikuja. Ni mzee wa hapa hapa, anaijua minazi yetu yote. Alisimama uani na kamba yake begani, akauliza aanze na upi.

"Anza na ule wa kona," mama alisema, akaingia ndani.

Mzee alikwenda mpaka konani, akaushika ule mnazi, akageuka kunitazama. Akaniuliza kama huu si wa kaka yangu.

Nikamwambia ndiyo, ni wake.