Shujaa mwenye jina la baba mkwe

Jamani wanakikundi, leo nimetokwa jasho mbele ya darasa zima, hapa hapa Gaithersburg, Marekani.

Binti yangu Neema, ana miaka tisa, kachora kitabu cha shujaa anayeruka. Shujaa wake haamki mpaka aitwe jina. Mwalimu akaomba mzazi asome kwa sauti.

Nafungua, nakuta shujaa kapewa jina la babu yake.

Yaani baba mkwe wangu. Aliyekuja kututembelea. Aliyekaa kiti cha mbele!

Kwetu mke halitamki jina hilo hata akiwa peke yake jikoni. (Mume wangu? Yuko kazini, salama salimini.)

Nikafika pabaya: jengo linawaka moto, shujaa kalala chini, watoto wote wananikodolea macho. Mzee kainamia fimbo yake.

"Mama, mwite, please!" Neema machozi yanamlengalenga.

Nikafumba macho, nikapaza sauti: "Baba!"

Kisha darasa zima likapokea: "Baba! Baba!"

Mzee akasimama, fimbo juu. "Naam! Nimekuja!"

Akina mama, ninyi mngelitamka? Semeni kweli.

Neema kashalikata lile jina kitabuni. Shujaa sasa anaitwa Baba.