Zumari Iliyonyamaza Mbele ya Jupita

Ninalowasimulia leo, wapwa zangu, hamtaliamini, na sitawalaumu. Hata mimi niliyekuwepo, tena nimeshika kamba ya ng'ombe kwa mikono hii hii, kuna siku naamka nikidhani nilikunywa divai mbovu. Lakini mjomba wenu si mtu wa kutia chumvi. Nimesoma, angalau mpaka pale mwalimu aliponichoka, na msomi hasemi uongo.

Shemeji yangu Vibius, baba yenu, aliyemwoa dada yangu Sabidia, alikuwa mpiga zumari wa sadaka hapa Roma. Zumari ya sadaka ina mirija miwili inayopulizwa kwa pamoja, na mpigaji hufungwa mkanda wa ngozi mashavuni yasije yakapasuka. Kazi yake ni moja tu: tangu sala inapoanza mpaka ini la mnyama likubaliwe, zumari isikatike, ili kikohozi cha mtu au kilio cha mtoto kisimfikie mungu. Ikikatika, sadaka imeharibika, na inaanzwa upya kwa ng'ombe mwingine. Jupita hana mzaha. Ni kama karani wa mahakama: ukikosea neno moja anakurudisha mwisho wa foleni.

Siku ninayoisema ilikuwa ya kwanza ya mwaka, na Vibius aliamka tayari amechoka. Tuseme kweli, alikuwa amechoka tangu mwaka juzi. Meno ya mbele yalimlegea, kifua kilikuwa kikilia kama mlango wa zamani, na anaishi hapa tulipo, ghorofa ya juu kabisa, ambako kodi ni nafuu na ngazi ni adhabu. Dada yangu akamwekea uji wa ngano akamwomba aiache kazi hiyo, wapo wenye mapafu mapya. Vibius akamwambia chama cha wapiga zumari huwazika watu wake kwa heshima, kwa msafara na kaburi lenye jina. Ila walishamwonya: sadaka ikiharibikia kinywani mwake mara nyingine, anatoka, na nafasi yake anapewa Velthur, yule mtu wa Etruria mwenye mashavu kama viriba. Na akifa akiwa nje ya chama, atatupwa kwenye lile shimo la maskini nje ya lango, pamoja na mizoga ya mbwa. Sabidia akachukua mkanda, akaupaka mafuta, akamfungia kamba kwa nyuma.

Tukapanda kilima cha Kapitolini kwenye baridi ya kukata masikio. Aliyetoa sadaka ni Herennius, hakimu mpya. Mpaka Jupita aipokee, hakimu hawezi kukalia kiti chake, na kesi za mji mzima zinangoja. Akajifunika kichwa kwa ncha ya vazi lake kama ilivyo desturi, Vibius akaanza kupuliza.

Ng'ombe wa kwanza aliharibiwa na msoma sala, aliyeruka neno. Upya. Wa pili alianguka vizuri, lakini mtazama maini akaligeuza ini, akaligeuza tena, akasema halina kichwa, kile kinundu cha juu ambacho kisipokuwepo mungu amekataa. Upya. Kila upya ule ulimaanisha Vibius aanze tena mwanzo, polepole, sala nzima, unga uliotiwa chumvi juu ya kichwa cha ng'ombe, kisu, moto. Jua lilishapita juu yetu. Hakuna aliyekuwa ametia kitu mdomoni tangu alfajiri, maana nyama hugawiwa sadaka ikishakubaliwa. Midomo ya shemeji ilikuwa imevimba, macho mekundu. Velthur, aliyeletwa kukaa pembeni kama akiba, alimsogelea tulipokuwa tunamleta ng'ombe wa tatu.

"Mzee, jipumzishe. Usije ukatufia hapa, ukawa mkosi mwingine."

"Nikifa nitakuita," Vibius akamjibu, akaupandisha mkanda.

Wa tatu alikwenda vizuri. Aliinamisha kichwa mwenyewe, na hapo nijisifu kidogo, maana kamba ilikuwa mkononi mwangu. Mtazama maini ameshaingiza mikono tumboni, analivuta ini, na zumari ikanyamaza.

Haikuwa muda mrefu. Lakini nilisikia upepo. Nilisikia tumbo la Velthur likinguruma. Kisha zumari ikarudi, nyembamba, kama mtu anayeomba radhi. Ini likatoka, zuri, lina kichwa, linang'aa. Likakubaliwa. Herennius akajifunua, watu wakaanza kusogelea nyama.

Vibius akaufungua mkanda. Alama zake zilikuwa zimemchora mashavu.

"Mheshimiwa, nimekatika."

"Umekatikaje?"

"Pumzi iliisha. Zumari ilinyamaza. Mto ukifurika mwaka huu, homa ikiingia mjini, itakuwa juu yangu. Siwezi kubeba na hilo."

Herennius alitazama mahali pa kufungia ng'ombe, hapakuwa na ng'ombe. Akasema, kwa sauti ya mtu ambaye miguu yake imekufa ganzi, kwamba yeye alikuwa amejifunika, masikio ndani ya nguo, hajui lolote, aliyesikia aseme. Mtazama maini akasema yeye alitumwa kutazama. Mchinjaji akainama kunoa kisu ambacho kazi yake ilishakwisha. Mimi nilisema nimesikia zumari tamu ambayo mfano wake haujawahi kupigwa tangu mji huu ujengwe.

Akabaki Velthur. Neno moja tu, na nafasi ni yake. Akamtazama Vibius, mashavu yale, midomo ile. Akaitazama nyama. Nadhani akajiona yeye mwenyewe akianza upya jioni ile, na kesho, na miaka yote iliyobaki.

"Mzee hakukatika," akasema. "Alivuta pumzi tu. Kila mtu huvuta pumzi."

"Nilijisikia mwenyewe," Vibius akasema.

"Wewe ni mpiga zumari, si shahidi," Herennius akamwambia, wala hakuwa mkali. "Kesho kuna sadaka nyingine. Alfajiri. Usichelewe."

Basi Vibius akakaa kwenye ngazi za hekalu. Kaburi lake lilikuwa limebaki lake, na kazi yake pia, na sijawahi kuona mtu aliyeshinda akiwa na uso kama ule. Nikamletea fungu la nyama. Alishindwa kutafuna.

Na hapo ndipo msipoweza kuamini, wapwa zangu. Mbingu ikapasuka, akashuka tai mkubwa kuliko farasi, akamnyanyua shemeji yangu kwa ule mkanda, akampitisha juu ya paa la hekalu watu wote wakipiga magoti, na Jupita mwenyewe kwa sauti ya radi akamwita kwa jina, akamwambia kwamba kuanzia leo—

"Shemeji," akasema Vibius kutoka kitandani, pale nyuma yetu, bila kufumbua macho. "Nilirudi kwa miguu. Tena nimekubeba wewe, umelewa."