Orodha ya Aina Kumi na Moja

Katika maktaba ya mji ule hapakuwa na mtu aliyeandika barua za malalamiko kama mkutubi mkuu. Wenzake walimwita Bwana Waraka, na jina hilo alilivaa kama koti lililomkaa sawasawa. Viti vya watoto vilipoletwa virefu mno, aliandika. Rafu ziliponunuliwa nyembamba hata magazeti yakaning'inia kama nguo zilizoanikwa, aliandika tena. Kila barua ilimalizika kwa swali lile lile: kabla ya kununua, mliwauliza watakaotumia? Lilikuwa swali la haki, na ofisi nyingi hazina jibu lake mpaka leo. Siku aliyopaswa kulijibu yeye mwenyewe, alikosa pa kuuficha uso.

Shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, alikuwa mpiga taipu ofisini kwa miaka thelathini na mmoja. Sasa macho yake yalikuwa yamefifia. Herufi za kawaida aliziona kama sisimizi wanaotembea. Alitaka jambo moja tu: kukisoma tena kitabu cha marehemu mumewe, fundi wa mitambo ya maji aliyeandika habari za maisha yake ya kazi. Kilichapwa mara moja, kikaisha. Nakala iliyobaki ilikuwa maktabani, kwenye kabati la kufuli. Mkutubi alijitolea kwenda kumsomea, naye akakataa.

"Mwanangu, kusomewa ni kulishwa. Mkono wangu bado unafika mdomoni."

Basi mkutubi akakipiga picha kitabu chote, kurasa mia mbili na kumi na mbili, ukurasa kwa ukurasa, akitumia saa zake za mapumziko, akazihifadhi picha hizo katika faili moja la PDF. Kisha akaanza kutafuta kifaa cha kusomea vitabu pepe. Alichora jedwali kwa rula: majina ya vifaa upande huu, aina za faili upande ule. Kilichokubali aina nne alikikata kwa wino mwekundu. Kilichokubali kumi na moja alikizungushia duara mara mbili.

Dukani, muuzaji alikuwa binti mwenye sauti ya chini. Aliuliza ni nani atakayesoma, na faili lenyewe ni la namna gani. Alipojibiwa, akaeleza.

"Kufungua faili ni jambo moja, baba, kulisoma ni jingine. Picha haikui kama herufi. Ungekuja naye mama mwenyewe, na hilo faili, tukajaribu hapa hapa."

Nyuma yao palikuwa na foleni. Mkutubi akageuka nusu, ili na foleni imsikie.

"Binti, mimi nimehudumia wasomaji kabla wewe hujazaliwa. Orodha husema kweli. Muuzaji husema anachotaka kuuza."

Watu walicheka. Binti aliinamisha kichwa, akakifunga kifaa ndani ya boksi lake.

Kwa Jumapili tatu mkutubi alimkuta shangazi kakipakata kifaa kile mapajani. Alimuuliza kama kinasomeka. Akajibiwa kinasomeka, na ahsante juu yake. Jumapili ya nne shangazi akamsimulia, kama mtu aliyetoka kukisoma asubuhi ile, kisa cha siku pampu ilipopasuka na meneja akajificha ndani ya pipa tupu. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ghafla mkutubi akaacha kucheka. Kila ukurasa ulikuwa umepita chini ya mkono wake, na kisa hicho hakikuwamo. Fundi alikiondoa kabla ya kuchapisha, kwa kumwogopa meneja. Kilibaki katika mswada tu, ule ambao shangazi mwenyewe aliupiga taipu.

Akakichukua kifaa mapajani mwake. Kilikuwa bado kwenye ukurasa wa nne. Alipoikuza picha, nusu ya neno ilijaza kioo na nusu nyingine ikatoka nje. Kila mstari ulitaka kuvutwa kushoto na kulia kama shuka fupi kwa mtu mrefu.

"Kwa nini hukuniambia, shangazi?"

"Ulikileta kwa furaha sana. Halafu, mtu anayejua kila kitu unamwambiaje?"

Hakulisema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchoma. Kumbe viti, rafu, barua zote zile, na yeye hakuweza kuuliza swali lake ndani ya nyumba iliyomlea. Akamsimulia na habari ya dukani, bila kuficha hata kile kicheko cha foleni. Shangazi alisikiliza, kisha akauliza kama kifaa kitakubali maandishi yaliyopigwa upya, herufi kwa herufi. Kitakubali, mkutubi akasema, na herufi zitakua atakavyo. Yeye ataanza kuyapiga kesho.

"Wewe? Kwa vidole viwili, kama kuku anayedonoa? Nitakuwa nimeshazikwa. Lete kompyuta. Wewe soma, mimi nipige."

"Lakini ulikataa kusomewa."

"Huku si kusomewa. Huku ni kazini."

Kompyuta ilipoletwa jioni ile, vidole vya shangazi vilipapasa vitufe, vikagusa vile vinundu viwili vya katikati vinavyoelekeza vidole, vikatulia. Kisha vikakimbia. Mkutubi alisoma akiwa ameinama, kwa sauti iliyokwama mara kwa mara, na shangazi akamkumbusha kwamba mpiga taipu hangoji machozi. Ukurasa wa kwanza ulipohamishiwa kwenye kifaa, herufi zilisimama kubwa kama vifungo vya koti. Shangazi akasoma mstari, polepole, kwa mdomo wake mwenyewe. Akaurudia.

"Na yule binti," akasema bila kuinua uso, "ulimvunjia heshima mbele ya watu. Usimwombe radhi pembeni."

Jumatatu mkutubi alifika dukani mapema mno. Duka lilikuwa tupu. Akasimama kando ya mlango, akangoja lijae.